Mshahara uliingia, kodi ilikatwa, lakini karatasi hakuna: pale mkopo wa nyumba unakwama

Chukua mfano wa baba mwenye watoto wanne, aliyefanya kazi ya lojistiki mjini Goma toka 2016. Kila mwisho wa mwezi mshahara wake uliingia banki. Kila mwisho wa mwezi fishi yake ya mshahara ilionyesha mistari miwili ya kukatwa, IPR na CNSS. Mwanzoni mwa 2025 vita ikaingia mjini, shirika likafunga buro, naye akachukua jamaa yake mpaka Beni. Huko akapata kazi ingine. Sasa kuna nyumba ya matofali inayouzwa, vyumba vitatu, bomba la maji uani, mwenye nyumba anahamia Kinshasa na ana haraka. Bei wameelewana. Kimebaki kitu kimoja, banki ikubali kumkopesha.

Siku ya kupeleka dosie, ajenti wa mikopo anapindua makaratasi moja moja, kisha anainua macho: « Papa, hii miaka tisa ya Goma, nani anaweza kuihakikisha? »

Baba huyu ni mfano, hakuna mtu mmoja anayebeba kisa hiki chote. Lakini kila kipande chake kinajulikana na wafanyakazi wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia au Butembo ambao wamewahi kuomba mkopo wa nyumba. Mshahara ulikuwepo. Kodi ilikatwa. Karatasi ya Leta inayothibitisha hayo ndiyo haionekani, na mara nyingi mfanyakazi anavumbua ukosefu huo siku ya kusimama mbele ya dirisha la banki, akiwa tayari amempa mwenye nyumba neno lake.

Nani anapeleka kodi ya mfanyakazi?

Wafanyakazi wengi wanaamini kwamba IPR, yaani kodi juu ya mishahara, wanailipa wao. Ni kweli kwa upande mmoja, maana pesa inatoka mfukoni mwao. Lakini kwa sheria ya Kongo, mwenye kuipeleka kwa idara ya kodi, DGI, ni patroni. Anaikata kwenye mshahara kabla ya kulipa, kisha anatakiwa kuitangaza na kuilipa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ni vilevile kwa CNSS, kasha la usalama wa jamii ambalo wazee bado wanaliita INSS. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5, patroni anaongeza asilimia 13 kutoka kwa mfuko wake, na jumla inakwenda kwenye kasha kwa ajili ya pensheni, malipo ya jamaa na ajali za kazi.

Kwa hiyo kati ya mfanyakazi na Leta kuna mtu mmoja katikati, na kila kitu kinapita mikononi mwake. Akifanya kazi yake vizuri, jina la mfanyakazi linaandikwa, mwezi kwa mwezi. Asipofanya, fishi ya mshahara inaendelea kusema « IPR: imekatwa », lakini kule DGI hakuna alama yoyote. Mfanyakazi hana dirisha ambako anapitia kila mwezi kuona kama pesa yake imefika. Anaamini karatasi aliyopewa na patroni, basi.

Kuna mapatroni wanaokata na kubakiza. Hilo ni wizi, hata kama wengi hawaliiti hivyo. Lakini kuna njia ingine, ya kimya zaidi, ambayo pengine ndiyo inaumiza watu wengi siku ya kuomba mkopo, nayo ni kutangaza mshahara mdogo kuliko ule unaolipwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye hesabu. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, haihesabu kila pesa anayopewa mfanyakazi kuwa mshahara. Pesa ya usafiri si mshahara. Pesa ya nyumba si mshahara. Malipo ya jamaa yanayotolewa kufuatana na sheria, garama za matunzo ya hospitali, nazo hazimo. Nia ya sheria ilikuwa nzuri, kumsaidia mfanyakazi asikatwe kwenye pesa inayomsaidia kufika kazini na kulala mahali. Lakini patroni mjanja anaona mlango hapo. Anaandika mshahara wa msingi mdogo, kisha anajaza sehemu iliyobaki na « usafiri » na « nyumba ». CNSS inashuka, IPR inashuka, patroni anapumua. Mfanyakazi pia anafurahi kwa sababu kinachofika mkononi ni kikubwa. Hakuna anayelalamika.

Tuseme baba wa Beni anapokea dola 900 mkononi. Kwenye fishi, mshahara wa msingi ni dola 500. CNSS inakata 25, IPR tuseme inakata 55, inabaki 420. Dola 480 zingine ni usafiri, nyumba na prime ndogondogo. Banki ikihesabu dola 900 zote na kukubali theluthi moja iende kwenye deni, anaweza kulipa dola 300 kwa mwezi. Kwa miaka mitano, na riba tuseme ya asilimia 15 kwa mwaka, hiyo inambebea mkopo wa dola 12 600 hivi. Banki ikisema « sisi tunahesabu mshahara uliotangazwa tu », theluthi ya 420 ni 140. Kwa riba ileile na muda uleule, mkopo unashuka mpaka dola 5 900 hivi. Hajapunguziwa kazi, hajapunguziwa mshahara, lakini nusu ya nyumba imepotea kwenye karatasi.

Ajabu ni kwamba pesa iliyoandikwa « nyumba » kwenye fishi ndiyo inaweza kumzuia kununua nyumba.

Banki inatafuta nini hasa?

Ajenti wa mikopo hamdharau mteja wake. Anataka kujua mambo matatu: pesa inaingia kweli, itaendelea kuingia, na ikisimama banki itashika kitu gani. Kwa hiyo anaomba fishi za mshahara za miezi ya karibuni, kontra ya kazi, barua ya patroni inayosema mtu huyu ni mfanyakazi wake na tangu lini, na relevé ya konti inayoonyesha mishahara ikiingia. Mara nyingi anaomba pia barua ya domisilyasyo, ambamo patroni anaahidi kuendelea kupitisha mshahara kwenye konti ile mpaka deni liishe. Dosie ikiwa kubwa, kama ya nyumba, ndipo anaanza kuuliza namba ya CNSS na alama ya kodi.

Kwa nini kodi? Kwa sababu fishi ya mshahara inaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Mjini kila mtu anajua kartye ambako kuna mtu wa « kupanga makaratasi ». Ajenti pia anajua. Anachotafuta ni mtu wa tatu, asiyekuwa patroni wala mfanyakazi, anayesema kitu kilekile. Leta ingekuwa shahidi mzuri, kama ingekuwa na karatasi zake.

Kwa wafanyakazi wa Leta wenyewe mambo yanakwenda ginsi ingine. Tangu 2011 na 2012 serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake kupitia mabanki. Askari, muganga wa Leta au mwalimu mwenye namba ya matrikule anaweza kuonyesha mshahara mdogo lakini unaoonekana. Shida yao ni ile ya wasiokuwa na matrikule, wale wanaoitwa « unité mpya », wanaofundisha au kutibu miaka bila kuwa kwenye listi ya malipo. Na kwa walimu kuna shimo la zamani zaidi. Miaka mingi, mpaka masomo ya msingi ya bure yalipoanza mwezi wa tisa 2019, sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu ilikuwa ni prime iliyotoka kwa wazazi. Pesa hiyo ilijenga manyumba mengi Butembo na Bukavu. Iliandikwa kwenye daftari la shule, kama iliandikwa. Mwalimu aliyeishi na prime miaka kumi na tano hana karatasi moja ya kodi inayosema hivyo.

Vijijini kuna walimu waliolipwa kupitia Caritas kwa sababu banki haikufika kwao. Hao wana bahati fulani, maana majina na sahihi kwenye listi ya malipo ni alama ya mtu wa tatu, hata kama haikutengenezwa kwa ajili ya mkopo.

Kuna pia kundi ambalo watu hawalifikirii, nalo ni wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Kwa mapatano ya 1946 juu ya haki na kinga za Umoja wa Mataifa, mishahara ya wafanyakazi wake haikatwi kodi ya inchi. Kwa hiyo Mkongomani aliyefanya kazi miaka kumi kwa shirika la UN alipata mshahara mzuri, bila deni lolote kwa DGI, na bila alama yoyote kule. Ajenti wa banki asiyejua jambo hilo anaweza kumuuliza IPR ambayo haikuwahi kuwepo. Kivu ya Kusini ina watu wengi wa ginsi hiyo, hasa tangu MONUSCO ilipotoka katika jimbo hilo mwezi wa sita 2024. Barua ya kazi na relevé ya banki ndizo silaha zao, pamoja na uvumilivu wa kueleza.

Vita, volkano na mabuko yaliyopotea

Mahali pengine ulimwenguni, karatasi ikipotea unarudi kwenye buro iliyoitoa. Mashariki mwa Kongo, mara nyingi ni buro yenyewe iliyopotea.

Wakaaji wa Goma wenye umri wanahesabu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji, ikafunika maduka, mabuko na ofisi. Mwezi wa kumi na moja 2012 mji ulianguka mara ya kwanza mikononi mwa M23, kwa siku kama kumi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ikatoka tena, watu wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 AFC/M23 ikachukua Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikachukua Bukavu. Ofisi na maghala ya mashirika yaliporwa. Mabanki ya biashara yalifunga milango. Kila mara kuna kompyuta iliyobebwa, kabati iliyovunjwa, dosie zilizotupwa njiani, na muhasibu aliyekimbia na funguo.

Mwaka huohuo wa 2025 kulikuwa na pigo lingine lisilotoka milimani. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi wa kwanza, na USAID ikafungwa kabisa mwezi wa saba. Miradi mingi ya Kivu na Ituri iliishi kwa pesa hiyo. Wafanyakazi walipewa barua ya kusimamisha kazi, wengine ujumbe wa simu tu, na mashirika madogo ya hapa yaliyokuwa yanafanya kazi chini ya yale makubwa yakafunga bila hata kumaliza makaratasi. Patroni aliyepaswa kuandika « mtu huyu alifanya kazi kwetu toka tarehe fulani mpaka tarehe fulani » hayupo tena. Sheria ya kazi inamlazimisha kutoa karatasi ya mwisho wa kazi, lakini unamlazimisha nani kama mlango una kufuli na namba ya simu haipatikani?

Halafu kuna swali ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ya chini. Patroni aliyebaki Goma au Bukavu na kuendelea kufanya kazi, kodi analipa nani? AFC/M23 ilipanga utawala wake na inakusanya kodi katika miji inayoshika. Mwezi wa nne 2025 ilifungua upya CADECO mjini Goma. Kinshasa haitambui utawala huo. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekatwa IPR Goma katika muda huo anaweza kuwa na risiti nzuri, yenye mhuri, ambayo haimsaidii kitu mbele ya DGI, wala mbele ya banki inayofuata sheria za Banki Kuu ya Kongo. Hakuchagua alipe nani. Miezi hiyo, kwa hesabu ya Kinshasa, ni kama hakufanya kazi.

Kujenga upya dosie

Basi baba wa Beni afanye nini? Jibu la kwanza ni kwamba asianze na kodi. Aanze na banki.

Konti ya banki haikai kwenye jengo la tawi. Tawi la Goma linaweza kufungwa, lakini alama za konti ziko kwenye sistemi ya banki nzima, na tawi la Beni, Bunia au Kinshasa la banki hiyohiyo linaweza kutoa relevé ya miaka iliyopita. Inaweza kuomba barua, inaweza kuomba malipo kwa kila ukurasa, na ajenti anaweza kusema « rudi kesho » mara tatu. Lakini relevé inayoonyesha jina la shirika na pesa ileile ikiingia kila mwezi kwa miaka tisa ni shahidi mkubwa kuliko fishi mia. Kama banki anayoomba mkopo ni ileile alikopokelea mshahara, ni vizuri zaidi, maana ajenti anaweza kuona yote kwenye ekrani yake. Watu wengi wanapohama wanafungua konti mpya kwenye banki mpya na kusahau ile ya zamani. Kwa mtu anayefikiria nyumba, hilo ni kosa la bei kali.

Aliyelipwa kwa simu, kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, naye asijione hana kitu. Kampuni ya simu inabakiza historia ya konti, na mteja anaweza kuiomba. Shida ni laini za simu. Aliyepoteza simu kwenye mbio na kununua laini nyingine bila kurudishiwa namba ya zamani, amepoteza pia njia rahisi ya kufika kwenye historia yake.

Baada ya banki, CNSS. Hapa inatakiwa namba ya mfanyakazi kwenye kasha, ile iliyo kwenye kadi au kwenye fishi. Mwenye namba anaweza kwenda kwenye buro ya CNSS ya mahali alipo, hata kama alifanya kazi mahali pengine, na kuomba hali ya michango yake. Akikuta miaka yote imo, ana karatasi ya Leta yenye nguvu. Akikuta mashimo, amepata habari mbaya, lakini afadhali aipate akiwa na miaka 41 kuliko akiwa na 60 anapoomba pensheni. Kwa mshahara wa msingi wa dola 500, makato ya mfanyakazi ni dola 25 kwa mwezi. Miaka tisa ni miezi 108, yaani dola 2 700 zake mwenyewe, bila kuhesabu sehemu ya patroni. Banki inatafuta alama tu, yeye anatafuta pesa yake.

Kisha makao makuu. Shirika lililofunga Goma mara nyingi lina buro Kinshasa, au Nairobi, au Ulaya. Buro ya wafanyakazi huko inabakiza kontra na listi za mishahara kwa sababu wafadhili wanazidai kwenye hesabu zao. Mfanyakazi anayeandika barua fupi, yenye tarehe za kontra, namba yake ya kazi na jina la mradi, ana nafasi ya kujibiwa kuliko yule anayetuma sauti ndefu kwa WhatsApp kwa chef wake wa zamani. Aombe mambo mawili wazi, barua ya kuthibitisha kazi na mshahara wote, pamoja na nakala za matangazo ya IPR ambamo jina lake limo. Kama patroni alitangaza kweli, nakala hizo zipo. Kama anajibu juu ya barua na kunyamaza juu ya IPR, hilo nalo ni jibu.

Inspeksyo ya kazi na sendika vinaweza kusaidia pale patroni anapokataa kutoa karatasi wakati bado yupo. Barua kutoka kwa inspekta inasomwa haraka kuliko barua ya mfanyakazi. Wengi wanaogopa kwenda huko kwa sababu wanadhani ni mahali pa kushtaki tu. Lakini inspekta anaweza pia kupatanisha, na patroni mwenye mashimo kwa DGI hapendi kuona jambo linafika mbali.

Kinachobaki ni kishawishi. Mtu amezunguka wiki tatu, mwenye nyumba anapiga simu kila asubuhi, na rafiki anamwambia kuna kijana anayeweza kutengeneza « kitansi cha DGI » kwa dola 30. Mtu huyo hakudanganya juu ya mshahara wake, alifanya kazi kweli, alikatwa kodi kweli. Anajiambia kwamba anarudisha tu karatasi iliyopaswa kuwepo. Lakini mbele ya sheria hiyo ni karatasi ya uongo, na kuitumia ni kosa la jinai lenye kifungo. Banki ikiivumbua, kwanza inakataa mkopo. Ikiivumbua baada ya kutoa pesa, inaweza kudai deni lote kwa mara moja. Shimo kwenye dosie linaweza kuelezwa. Karatasi ya uongo haielezeki, na inachafua hata zile za kweli zilizo pembeni yake.

Na nyumba yenyewe?

Mtu anaweza kushinda upande wa mshahara na kuanguka upande wa parseli. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni wa Leta, na karatasi inayompa mtu haki kamili ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa vyeo vya nyumba na ardhi. Hipoteki ya banki inaandikwa juu ya sertifika hiyo. Fishi ya parseli, karatasi ya chef wa kartye, mkataba wa kuuziana wenye mashahidi wanne na chupa ya bia iliyofunguliwa siku hiyo, vyote vinaweza kutosha kati ya majirani, lakini haviwezi kubeba hipoteki. Ndiyo maana dosie nyingi za nyumba zinageuka kuwa mkopo wa kawaida juu ya mshahara, wa muda mfupi, wenye riba ya juu, bila banki kugusa nyumba. Na mkopo wa ginsi hiyo unategemea mshahara peke yake. Mtu anarudi palepale, kwenye fishi na kodi.

Wengi hawafiki hata huko. Wananunua parseli kwa likelemba, wanaweka msingi kwa pesa ya MUSO au AVEC, wanaomba kwa COOPEC pesa ya mabati, na nyumba inapanda chumba kwa chumba kwa miaka kumi. Huko hakuna anayeuliza IPR. Wenzako wanakujua, wanajua unalipwa lini, na mke wako anaimba na katibu wa kikundi kwenye korali moja. Ni uthibitisho wa mapato pia, tena mzuri. Haujafikia tu dola 12 000.

Kwa baba wa Beni, njia iliyobaki wazi ni nyembamba. Relevé ya konti yake ya zamani ilitoka, kurasa nyingi, mshahara unaonekana mpaka mwezi wa kwanza 2025. CNSS ilionyesha miaka sita kati ya tisa. Makao makuu yalituma barua ya kazi, lakini bila nakala za IPR. Ajenti anaweza kupeleka dosie kwa komite ya mikopo akihesabu mshahara wa patroni mpya peke yake, na kuweka miaka ya Goma pembeni kama ushahidi kwamba mtu huyu amezoea kazi ya mshahara. Patroni mpya anatangaza mshahara wa msingi wa dola 650, usafiri na nyumba vikiwa mstari tofauti. Kabla ya komite kukaa, ajenti ameomba karatasi moja zaidi, kitansi cha DGI cha mwezi uliopita, kilicholipwa kabla ya tarehe 15, chenye mhuri wa Beni. Muhasibu wa patroni amesema atakitafuta.

Mwenye nyumba amempa mpaka mwisho wa mwezi.